Mana ya Jumapili haifiki Jumatano

Mhariri,

Ninakaanga samaki ufukweni hapa Bagamoyo, huu mwaka wa 14. Gazeti lako hunifikia likiwa la zamani, limenunuliwa kwa kilo, la kufungia wateja vibua na changu. Hata hivyo sichani ukurasa kabla ya kuupitia, na ule wenye neno la Jumapili haujapata kuguswa na mafuta. Huukata, nikautia ndani ya Biblia.

Nakushukuru kwa neno hilo. Ila linatoka mara moja kwa juma, na hapo ndipo penye ombi langu.

Jumatano moja mnadani nilimtolea mama mwenzangu maneno mazito kwa sababu ya ndoo moja ya vibua. Watu walisikia. Jumapili iliyopita tu nilikuwa nimepokea Komunyo, na mahubiri yalikuwa ya uvumilivu, nikayaitikia kwa moyo wote. Usiku ule nilifungua Kutoka 16. Waisraeli waliambiwa waokote mana kila asubuhi, pishi kwa kila mtu, na waliolaza waliikuta ina mabuu na uvundo. Ya Sabato peke yake ndiyo iliyolala salama. Aliyewahi kulaza samaki bila barafu hana haja ya kufafanuliwa hapo. Asubuhi nilimwendea yule mama kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo, mafuta yakiwa yanachemka, nasoma mstari mmoja au miwili kwa sauti. Katika sala tumezoea kusema “mkate wetu wa kila siku”, lakini Biblia yangu ya Union Version, Mathayo 6, inasema: “Utupe leo riziki yetu.” Riziki! Neno hilo nalisikia kila alfajiri kwa wavuvi wakisukuma ngalawa, wengi wao ndugu zetu Waislamu. Niliona kama sala ya Bwana imeteremka mpaka mchangani.

Kisha Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, kunapambazuka, na ufukweni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. “Njoni mfungue kinywa.” Mhariri, mstari huo niliusoma pepeo likiwa mkononi, nikasimama nalo hivyo hivyo mpaka mteja akaniita. Bwana aliyefufuka aliwasha makaa ufukweni, akachoma samaki, akawaita wachovu waliolowa waje kula. Sijasema tena kwamba mimi ni mkaanga samaki “tu”.

Hapa petu jambo hili si geni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni mwaka 1868, waliokombolewa utumwani walifundishwa sala, kilimo na ufundi mahali pamoja. Neno halikungoja jembe liwekwe chini.

Basi naomba: mchape mstari mmoja wa Maandiko kila siku, bila maelezo, karibu na bei za mazao, maana ukurasa huo husomwa na wachuuzi wote. Na ukae pembeni kabisa, nipate kuukata bila kuharibu karatasi ya kufungia.

Mkaanga samaki,
Bagamoyo