Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: pampu zisizimwe kabla wanafizikia hawajaulizwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu migodi mirefu inayokaribia kufungwa. Kwa kawaida mambo huishia palepale: pampu huzimwa, maji hupanda, mdomo wa shimo huzibwa kwa zege. Kabla hujatia sahihi mpango wa namna hiyo, naomba waulizwe kwanza wanaopima myuoni.

Myuoni ni chembe ndogo mno, ndugu wa elektroni, ila ni nzito mara 207 hivi. Huzaliwa kilomita kama 15 juu yetu, pale miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo anga za mbali, inapogonga hewa. Ukikunjua kiganja sasa hivi, myuoni moja au zaidi hukipenya kila sekunde. Huku juu ni tele, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuzichambua. Kinachozichuja ni mwamba: kadiri unavyoshuka, ndivyo zinavyobaki zile tu zenye nishati kubwa. Katika maabara ya Gran Sasso, Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba, idadi yake imepungua mara milioni moja, na mita moja ya mraba hupitiwa na moja hivi kwa saa.

Vifaa vyenyewe havitishi. Vingi ni vibao vya plastiki maalumu inayotoa mmweko hafifu chembe inapopita, na mirija ya kuunasa mmweko huo. Vibao hufungwa gubigubi kwa karatasi nyeusi, kwani mwanga wa taa ukipenya hata kwenye tundu dogo huharibu hesabu yote. Hupangwa tabaka juu ya tabaka. Mmweko wa tabaka moja pekee hautiliwi maanani, maana mwamba nao una mionzi yake. Tabaka kadhaa zikimweka kwa pamoja, katika mstari mmoja, hapo ndipo inaandikwa: myuoni imepita, imetoka upande huu, saa hii.

Kumbukumbu hizo zikikusanywa kwa miaka, hueleza habari za angani. Hewa ya juu ikipata joto hutanuka, na chembe ziitwazo pioni, ambazo ndizo huzaa myuoni, hupata nafasi ya kuvunjika kabla hazijagonga kitu. Hesabu ya myuoni chini ya ardhi hupanda. Kigunduzi cha MINOS, mita 700 hivi ndani ya mgodi wa chuma wa Soudan, Marekani, uliofungwa mwaka 1962, kiliona hata joto la stratosfia likipanda ghafla katikati ya majira ya baridi. Jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria: vifaa vilivyo shimoni vinapima joto la hewa iliyo juu ya mawingu.

Tena kazi hii haikuanzia kwa mataifa tajiri peke yao. Mwaka 1965, nyutrino zinazozaliwa angani, chembe zinazopenya karibu kila kitu, zilitambuliwa kwa mara ya kwanza ndani ya migodi miwili ya dhahabu: Kolar nchini India na East Rand nchini Afrika Kusini, huu wa pili zaidi ya kilomita 3 chini. Kilichozifichua ni myuoni ambazo wanafizikia walizikuta zikikatiza kwa ubavu, njia yenye mwamba mwingi kiasi kwamba myuoni za kutoka angani haziwezi kuimaliza; hivyo lazima zilizaliwa na nyutrino ndani ya mwamba wenyewe.

Najua utaniuliza gharama. Pampu hula umeme usiku na mchana, sikatai. Lakini kuzizima nako kuna bili yake. Katika mgodi wa Homestake, Marekani, pampu zilizimwa mwaka 2003. Maji yalipanda kwa miaka, kisha ikabidi yavutwe tena ili ijengwe maabara.

Kwa hiyo naomba kifungu kimoja kiongezwe kwenye masharti ya kufunga migodi: mgodi wenye kina cha mita mia kadhaa usizibwe kabla vyuo vikuu havijapewa muda wa kuukagua. Kikipatikana chumba kikavu chenye mwamba imara, kiachiwe lifti, umeme na hewa. Ngazi za chini zikishindikana kwa sababu ya maji, za juu bado zina kazi. Kule Pyhäsalmi, Ufini, kigunduzi cha myuoni kiitwacho EMMA kiliwekwa mita 75 tu chini ya ardhi. Ramani za migodi na vipimo vya mwamba ni vitu ambavyo wizara yako inaweza kuvidai kwa wenye leseni. Vipelekwe vyuoni sasa, wakati pampu bado zinafanya kazi.