Kabla Hujalipeleka Tangi kwa Mpaka Rangi

Ujiji, Kigoma

Kaka yangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi sote wazima, Mama Shabani anamsalimu Mama Zuhura na watoto, na anauliza mwaka huu miembe ya huko imezaa vipi. Picha za pikipiki yako zimenifikia na nimezitazama sana. Fremu umeisafisha vizuri, siti ndefu imekaa, na lile tangi la Honda ya zamani ulilolipata kwa mzee wa Isevya ni zuri kweli. Bati nene la namna ile si rahisi kuliokota siku hizi. Lakini umeniandikia kwamba Jumamosi unalipeleka kwa mpaka rangi. Nakuomba usilipeleke bado. Sikutaka kukupigia simu kwa sababu mambo ni mengi na mengine utahitaji kuyarudia ukiwa gereji na spana mkononi.

Wengi wanaobadilisha tangi hulitazama kwa juu na ubavuni. Wanaliegesha kwenye fremu, wanarudi nyuma hatua mbili, wanapiga picha, roho inatulia. Mimi nakuomba ulipindue. Tandika gunia, lilaze tumbo likiwa juu, kisha kaa nalo chini kwa utulivu. Habari zote za kama litafaa au halitafaa ziko kule chini.

Anza na ule mfereji wa katikati, unaokaa juu ya bomba la mgongo wa fremu. Pima upana wake mbele, katikati na nyuma, maana matangi mengi hubana kadiri unavyorudi nyuma. Kisha nenda kwenye fremu, upime bomba pamoja na vyote vilivyoning'inia pale: koili inayolisha plagi umeme, furushi la waya, breketi za zamani. Fremu yako ya SanLG ina koili iliyofungwa chini ya mgongo pale pale, na lile tangi la Honda lilitoka kwenye fremu ambayo vitu vyake vilipangwa kwingine. Nataka ibaki nafasi ya unene wa kidole kila upande. Bati likigusa waya, mtetemo utaukwangua polepole mpaka shaba ibaki wazi, na pale juu yake pana petroli. Kama koili inabana, ihamishe koili. Usipige nyundo mfereji wa tangi kuutanua, kwa sababu ule mshono wa chini ndio unaovuja kwanza.

Ukishaona linakaa, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Fanya hivyo ukiwa umeshika mikono yote miwili, na klachi ukiwa umeibana, kama mtu anayegeuza pikipiki kwenye uchochoro. Shoki za mbele zisiguse tangi, na dole gumba lako lisibanwe kati ya usukani na bati. Tangi la Honda ni pana mbele kuliko lile lililotoka, kwa hiyo naona itabidi ulirudishe nyuma kidogo na siti uikate ncha yake. Kata siti. Sponji na ngozi ni bei rahisi, na fundi wa viti wa hapo sokoni ataimaliza mchana mmoja.

Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha zaidi, nalo ni namna mafuta yatakavyofika kwenye kabureta.

Injini yako, kama zilivyo nyingi za cc 125 za Kichina, inafuata ramani ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi za barabara mbovu na gereji chache: valvu zinasukumwa kwa fito, vipuri si vingi, na mtu mwenye spana chache anaweza kuifungua chini ya mti. Haina pampu ya mafuta. Petroli inateremka yenyewe kwa uzito wake, inapita kwenye koki, ile ya kufungulia na kufunga mafuta chini ya tangi, inaingia kwenye bakuli la kabureta, boya linapanda na kufunga sindano. Kwa hiyo tangi likishakaa mahali pake, kitu cha kuangalia ni mdomo wa koki uko juu ya kabureta kwa kiasi gani. Matangi madogo ya kupendeza mengi yanaangukia hapa. Mtu anayainua mbele ili mstari wa pikipiki upendeze, koki nayo inabaki mbele, na mafuta yote ya nyuma yanakuwa chini ya mdomo wake. Yanakuwa mzigo tu.

Koki ikae mahali pa chini kabisa pa tangi, na ikiwezekana iwe upande wa nyuma. Nakueleza sababu. Ukipanda mlima, petroli yote hukimbilia nyuma, na ndiyo wakati injini inayahitaji mafuta kuliko wakati mwingine wowote. Koki ikiwa mbele, kabureta inakauka katikati ya mlima. Ukiteremka petroli inakwenda mbele, lakini hapo mkono wa mafuta umeuachia, injini inakunywa kidogo tu. Tabora yenu ni tambarare. Utazunguka Ng'ambo, Cheyo, utakwenda mpaka Kwihara na kurudi, na pikipiki haitakuonyesha kasoro yoyote. Utasema imepona. Siku utakayokuja huku tukapanda pamoja barabara ya Kasulu, au tukageukia Manyovu, ndipo itakapoanza kukohoa na lori liko nyuma yako. Kwa hiyo ijaribu huko huko kabla hujatoka: tafuta mbao, inua gurudumu la mbele juu ya ngazi au tuta, tangi likiwa na lita moja tu, vua mpira kwenye kabureta na uone kama petroli inatiririka vizuri kwenye chupa. Ikidondoka matone matone, koki hairuhusiwi kubaki pale ilipo.

Halafu kuna lile tumbo lenye mifuko miwili. Kwa kuwa tangi linakalia bomba la fremu kama tandiko la punda, chini yake lina mfuko wa kushoto na mfuko wa kulia, na koki iko upande mmoja tu. Mafuta yakishuka chini ya mgongo wa mfereji, yaliyo upande wa pili hayavuki. Umewaona vijana wa bodaboda wakilaza pikipiki ubavu barabarani, wanahesabu kidogo, wanaisimamisha na kuondoka? Wanahamisha yale ya upande wa pili. Kwenye tangi lako mfuko wa kulia ni mkubwa, nimeuona kwenye picha ya tatu. Kwa maoni yangu chomelea kipande kidogo cha bomba chini kila upande na uunganishe mifuko yote miwili kwa mpira. Kama hutaki kuligusa bati, basi ujue tu kwamba akiba yako ni ndogo kuliko unavyofikiri, na upime. Tangi likiwa limefungwa kwenye fremu, lijaze kwa chupa ya lita moja huku ukihesabu, kisha lifungulie kwa koki na uhesabu yanayotoka. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo petroli ambayo hutaifikia bila kuilaza.

Matangi ya namna hiyo mengi hubeba kama lita saba au nane. Injini ya 125 iliyo nzima inakwenda kilomita 35 mpaka 40 kwa lita. Fanya hesabu mwenyewe: kutoka kwako mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 400, huwezi kufika kwa kujaza mara moja. Jaza Urambo, jaza Kaliua hata kama mshale uko nusu, na ukifika Uvinza usipite kituo.

Kulifunga. Tangi lisikazwe bati kwa bati. Mbele kuna vile vikombe viwili vinavyoingia kwenye raba za duara pande mbili za shingo ya fremu, nyuma kuna bolti moja inayopita kwenye bushi. Tangi linatakiwa lielee juu ya raba. Injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu, na ukilikaza kwa bolti nne kama bamba la namba, litapasuka kwenye mguu wa breketi. Raba za shingo yako ziko karibu mno kwa vikombe vya Honda. Chomelea vijiti vipya vya chuma vya kushikilia raba kwenye fremu, uviweke upana unaotakiwa. Fremu ni rahisi kuchomelea na haina petroli ndani. Kati ya bomba na mfereji kata vipande vya raba nene ya tairi, siyo tyubu, maana tyubu inalainika ikirukiwa na petroli na baada ya muda inakuwa kama ubani uliotafunwa.

Kaka, hapa nisikilize vizuri. Kama ni lazima tangi lenyewe lichomelewe, kwa ajili ya kile kitobo cha nyuma au lile bomba la kuunganisha, usikubali fundi akuambie kwamba limekauka siku nyingi kwa hiyo ni salama. Petroli iliyomwagika chini inawaka. Mvuke wake uliofungiwa ndani ya bati unalipuka, na hauhitaji kuwa mwingi: ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, unajificha kwenye mishono na ndani ya kutu, na joto la moto wa kuchomelea linautoa hata kwenye tangi lililokaa tupu miezi mingi. Kunusa hakusaidii. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, tikisa, mwaga, rudia tena na tena. Koki na mfuniko vyote viondolewe. Kisha lijaze maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea, uligeuze ili lile tundu liwe juu na nafasi ya hewa iliyobaki iwe ndogo kabisa, na tundu litakalokuwa juu, la koki au la mfuniko, libaki wazi, la chini lizibwe maji yasitoke. Fundi asiyetaka kufanya hivyo, mshukuru, chukua tangi lako, ondoka. Na watoto wasisogee pale. Najua Zuhura anapenda kukaa gereji na wewe.

Kwa tobo dogo ningependa gesi na shaba kuliko umeme, maana bati la tangi ni jembamba na umeme unalitoboa zaidi. Baada ya hapo ziba matundu yote, pulizia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, kidogo tu, na pitisha povu la sabuni kwenye mishono. Povu likivimba, pamevuja.

Kutu inafuata. Tia siki ijae, iache usiku kucha, mwaga, tia kipande cha mnyororo au nati chache na maji, tikisa mpaka mikono ichoke. Ukimaliza zungusha maji yenye magadi soda ili kuua ile asidi, suuza, kausha haraka, na siku hiyo hiyo mimina petroli iliyochanganywa na oili kidogo uizungushe ndani. Ukiliacha tupu na unyevu, asubuhi utakuta kutu mpya ya rangi ya chungwa. Hata hivyo weka chujio kwenye mpira wa mafuta, kwa sababu tangi la umri ule litaendelea kutoa vumbi kwa muda.

Mfuniko nao. Ule wa zamani una kitundu cha kupumulia na naamini kimeziba. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, la sivyo inagoma, na pikipiki itazimika baada ya mwendo fulani kisha iwake tena ukipumzika. Watu hufungua kabureta mara kadhaa kwa ugonjwa huu. Ikikutokea, fungua mfuniko kwanza. Ukisikia hewa inavutwa ndani, umeupata. Na usiweke kipande cha nailoni chini ya mfuniko kuzuia mvua, nimeshaona wengi huku wanafanya hivyo.

Yote yakishakuwa sawa, umeendesha wiki nzima na tangi la bati tupu, hakuna linalogusa wala kuvuja, hapo ndipo lipeleke kwa mpaka rangi, na umwambie afunike kwa klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kuchanganya na hadina ya kuigandisha, siyo ile ya kopo la kupulizia. Petroli inayodondoka wakati wa kujaza inaila rangi ya kawaida ikaacha michirizi. Ile bluu uliyoichagua ni nzuri sana, ningesikitika kuiona imebanduka kuzunguka mdomo.

Ndani ya boksi hili utakuta koki mpya yenye akiba, mpira wa mafuta mita moja, ule mweusi mgumu, maana ile mipira myeupe ya kuona ndani inakakamaa na kupasuka, klipu zake, chujio mbili, na raba za shingo. Sina uhakika uzi wa koki utaingia kwenye tangi la Honda, kwa hiyo pima tundu kabla hujafungua pakiti, nikuletee nyingine kama haufanani. Chupa ya mawese ni ya Mama Zuhura, nimeifunga mbali na vipuri.

Nitumie vipimo vitatu: upana wa mfereji mbele na nyuma, urefu kutoka mdomo wa koki mpaka kwenye kabureta, na umbali kati ya vijiti vya shingo. Nikivipata kabla ya Ijumaa, nitakukatia vijiti huku na kuvituma kwa basi la Jumamosi.

Ndugu yako,
Baba Shabani