Mama Neema, njooni Mwanza likizo ya Juni

Shosti wangu, mwangaluka! Natumaini Dodoma hamjambo wote na shemeji ameshapona kile kifua.

Meseji yako nimeiona, ile ya kuuliza mkija huku watoto watatembea wapi maana bajeti ya Serengeti imewashinda. Nikasema hii siijibu kwa voisi, naandika kabisa. Mi kwa kweli naona msiumie roho, Serengeti ipo haiendi popote, na watoto wa umri ule kuwafungia kwenye gari kutwa nzima ni kuwatesa. Hapahapa mjini wikiendi moja tu ya kutembea kwa miguu na kucheza kwenye nyasi, wataenjoi mpaka wagome kurudi.

Jumamosi twendeni kisiwa cha Saanane. Tulisoma Nyegezi miaka yote ile na hatukuwahi kukanyaga pale, si haki kabisa! Toka 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, zamani ilikuwa bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, na jina ni la mzee Saanane aliyekuwa anaishi palepale kisiwani. Boti mnapandia Capri Point, dakika kama kumi mmefika, afu kuanzia hapo ni miguu tu, vinjia vinapita katikati ya mawe hadi juu unaliona ziwa lote na mji. Swala wapo, kenge wapo, ila mi nataka Neema amwone pimbi. Yani anapanda jiwe lililosimama wima kabisa na hateleziki, kwa sababu chini ya mguu ana nyama laini yenye unyevunyevu inayoshika jiwe, na ndugu zake wa karibu ni tembo, sio panya kama watu wanavyodhani. Mwambie akae kimya kidogo tu, watatoka wenyewe kuota jua.

Tuwahi asubuhi maana mchana mawe yanawaka moto. Wavae raba, sio ndala, na mvua ikiwa imenyesha usiku tunasubiri jiwe likauke kwanza. Chakula usihangaike, ntabeba matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, najua unavyoyapenda, na maji ya kutosha.

Kitu kimoja nakuomba sana, watoto wasichezee maji pale pembeni penye majani na maji yaliyotulia. Kichocho kipo shosti, na hakionekani kwa macho, maji unaweza kuyaona masafi kabisa.

Jumapili tukitoka kanisani tunaenda ufukweni upande wa Ilemela, kuna sehemu zina nyasi nzuri na miti. Hapo ndo raha yangu ilipo, maana kutembea milimani bibi yao hawezi ila kwenye michezo hata yeye yumo, anakaa kwenye kiti anakuwa refa na haongwi! Kuvuta kamba tutaweka akina baba upande mmoja na sisi na watoto upande mwingine, kamba nimepata ya katani, ile ya nailoni inachuna viganja. Mbio za magunia pia. Ila rede ndo lazima, unaikumbuka? Wawili wanarusha mpira wa soksi, wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa, ukiinama tu mpira huo wa mgongo. Watoto wa siku hizi hawaijui, wa kwangu nimewafundisha mwenyewe na sa hivi wakitoka shule simu hawaikumbuki, wanagombania chupa. Nimefurahi sana kuliona hilo, siwezi kukuficha.

Juni ndo kuzuri, kukavu, Aprili usithubutu kwa mvua zilivyo. Kulala mnalala kwangu, hoteli sitaki hata kusikia. Ongea na shemeji leo unijibu tarehe, na uniambie kama mama yako naye anakuja nimwandalie chumba cha chini asipande ngazi.