Faili mama lina mwenyewe?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme juu ya ripoti moja kugawiwa wasanifu wengi. Mimi ni msanifu wa kurasa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kabla ya kompyuta nilikuwa nachora majina ya maboti pale Kibirizi kwa brashi na herufi zilizokatwa kwenye bati, kwa hiyo mambo ya herufi kutofanana sikuanza kuyaona jana.

Mwaka jana taasisi moja ya hapa mkoani ilitupa ripoti yake, sura nane ukiacha kurasa za shukrani. Muda ulikuwa mfupi, tukagawana: mimi nne, kijana ninayefanya naye kazi mbili, mwenzetu wa Kasulu mbili. Sote tunatumia InDesign, programu ya kupanga kurasa. Mafaili yalikuja kwa WhatsApp, na yaliyoshindikana yalikuja kwa flashi, mfukoni mwa kondakta. Sura zilipokutana mezani zilikuwa kama kwaya tatu zilizoshona sare kwa mafundi watatu. Vichwa vyangu pointi 18, vya Kasulu 16. Rangi ya mawese aliyoitaka mteja ilikuwa tatu.

Sikushtuka. InDesign ina faili la kitabu linalokusanya sura zote, na humo unateua moja iwe chanzo cha staili, yaani mipangilio ya maandishi iliyopewa majina. Ukiamuru ilandanishe, staili na rangi za chanzo zinafunika zile zenye jina lilelile kwenye sura nyingine. Nilichosahau ni kwamba usipoteua, programu inachukua faili la kwanza uliloliingiza. Mimi nilianza na shukrani, na shukrani nilikuwa nimezinakili kutoka ripoti ya zamani. Nikabofya, nikaenda kunywa chai. Kurudi, sura zangu zimevaa nguo za mwaka juzi!

Nikabonyeza Kontroli na Zedi, amri ya kurudisha ulichobadilisha. Sura mbili zilizokuwa wazi zikarudi. Zilizokuwa zimefungwa, hola. Amri ile hairudishi faili ambalo halikuwa wazi wakati wa kulandanisha, na hilo nilijifunza siku ile, saa tano usiku.

Hapo dawa ilikuwepo. Niliteua sura moja iliyorudi salama iwe chanzo, nikalandanisha upya, nikatazama sura zangu na za kijana, nikaridhika. Za Kasulu sikuzifungua. Asubuhi nakala 50 zilikuwa zimeshatoka kwa mchapaji ndipo kijana akauliza mbona vichwa vya sura ya saba ni vidogo. Mimi niliiita staili yangu “Kichwa Kikuu”. Mwenzangu wa Kasulu yake aliiita “Kichwa kikuu”. K moja! Kwa InDesign hizo ni staili mbili tofauti, na staili isiyokuwemo kwenye chanzo inaachwa kama ilivyo. Karatasi ya nakala zile nililipa mimi.

Wapo wanaosema wasanifu wa mikoani hatuna umakini. Kwa ile K nakubali kosa. Lakini niliuliza wiki nzima nani pale ofisini ana staili na rangi rasmi, nikajibiwa “ile nyekundu ya mawese, si unaijua”, na nembo nikatumiwa kama picha ya simu.

Ombi langu ni kwa ofisi zinazogawa kazi moja kwa wasanifu zaidi ya mmoja. Mteueni mtu mmoja ashike faili mama lenye staili na rangi, majina yakiwa yameandikwa herufi kwa herufi, na lifike kwetu kabla ya maandishi. Akibadilisha kitu atutumie tena na kututaarifu, maana nakala tulizo nazo hazijibadilishi. Kule Kibirizi, nilipokata bati jipya la herufi, maboti niliyokwisha kuyachora yalibaki na herufi za zamani mpaka wenyewe walipoyaleta. Na sisi tukilipokea tusiharakishe: InDesign ikikuta majina yamegongana inauliza kama utumie staili inayoingia au uibadilishe jina. Ukichagua kubadilisha jina, umejizalia pacha.

Vijana wananiambia nihamie Figma, programu ya usanifu ya mtandaoni, ambako mambo yanajisawazisha yenyewe. Nimeijaribu. Hata huko lazima mmoja achapishe mabadiliko, na mwingine ayakubali ndani ya faili lake. Kwa ripoti ya kurasa 90 inayokwenda kwenye mashine ya uchapaji nitabaki nilipo, na bando langu nitalitumia kwa mengine.

Taasisi ile imeshaniita kwa ripoti ya mwaka huu. Mpaka ninapoandika barua hii nimetumiwa nembo tu, kwa WhatsApp.

Msanifu wa kurasa,
Mwanga, Kigoma.