Saa izimwe dakika nne za mwisho za mechi za vikapu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nitoe rai kwa Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF) na kwa wote wanaoandaa mashindano ya mchezo huu hapa Nairobi. Kazi yangu wikendi ni kushika saa kwenye meza ya waamuzi katika ligi za mitaa, na ni saa hiyo hiyo ninayotaka izimwe mechi inapoelekea ukingoni.

Anayefuatilia vikapu anajua kinachonikera. Timu ikiwa mbele kwa pointi sita au saba, zimebaki dakika mbili, haina haja tena ya kufunga. Inataka saa itembee tu. Iliyo nyuma nayo haina njia ya kuisimamisha ila kumchezea mpinzani visivyo kwa makusudi, apelekwe kwenye mstari wa mitupo huru, kisha iombe akose. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la vikapu duniani, timu ikishafikisha faulo nne katika robo, kila faulo ya ulinzi inayofuata inazaa mitupo miwili. Kwa hivyo mchezo wa mbio unageuka foleni ya kurusha.

Nilikaa mezani hivi karibuni katika ukumbi mmoja hapa mjini, zimebaki dakika moja na sekunde arobaini. Kipenga. Refa anakuja mezani, anaonyesha namba ya jezi kwa vidole, mwandishi wa alama anaandika. Kocha anaita taimauti. Mrushaji anadundisha mpira, anakosa wa kwanza, anafunga wa pili. Mpira unaingizwa, sekunde tano zinapita, kipenga tena, refa huyoo anarudi mezani. Jukwaani watu wa Kayole na Rongai wameshaanza kuinuka mmoja mmoja, maana ukichelewa stejini Jumapili usiku utalipa nauli utakayoambiwa. Timu iliyokuwa mbele ilishinda vile vile. Vijana waliokuwa wamekimbia vizuri mechi nzima walimaliza wamepanga mistari miwili, mikono viunoni, wakimtazama mwenzao akirusha. Iliniuma, kwa sababu wale vijana walikuwa wamecheza.

Dawa ipo, na si ya kubuni leo. Nick Elam, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ball State kule Marekani, alipendekeza kwamba mechi ichezwe kwa saa kama kawaida hadi karibu na mwisho, kisha saa izimwe na iwekwe shabaha. Katika mashindano yanayoitwa The Basketball Tournament, mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya kuingia dakika nne za mwisho za robo ya nne, saa huzimwa, na pointi za timu iliyo mbele huongezwa nane. Ikiwa ni 68 kwa 61, shabaha ni 76. Wa kwanza kufika hapo ameshinda. Ligi ya CEBL ya Kanada ilianza mtindo huo mwaka 2020 kwa kuongeza pointi tisa. G League ya Marekani, ligi ndogo ya NBA, iliweka shabaha ya pointi saba kwa muda wa ziada.

Tazama linalotokea. Aliye mbele hawezi kushinda kwa kushika mpira, lazima afunge. Aliye nyuma hafaidiki kwa kuchezea watu visivyo, maana hakuna saa ya kusimamisha, na kila mtupo huru anaoutoa unamsogeza mpinzani kwenye shabaha. Kilichobaki ni kukaba na kufunga.

Wako watakaosema tunachezea mchezo wa wenyewe. Lakini vikapu vimewahi kutibiwa ugonjwa huu huu. Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwashinda Minneapolis Lakers 19-18, mechi nzima, kwa sababu Pistons waliukumbatia mpira ili usimfikie George Mikan, nyota wa Lakers. Miaka minne baadaye Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, aliishawishi NBA iweke saa ya sekunde 24 ya kulazimisha timu kurusha. FIBA nayo ilianza na sekunde 30 mwaka 1956, ikashuka hadi 24 mwaka 2000. Leo sijui kocha anayetaka turudi tulikotoka. Na FIBA hiyo hiyo, katika vikapu vya watatu kwa watatu vilivyoingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, inamtangaza mshindi anayefikisha pointi 21 hata kabla dakika 10 hazijaisha, na muda wa ziada huko unaisha timu moja ikipata pointi mbili. Shabaha si kitu kigeni kwa wakuu wa mchezo.

Kwa Nairobi kuna sababu nyingine ambayo Wamarekani hawana. Ukitoka kwenye kumbi za Nyayo na Kasarani, viwanja vyetu vingi ni sakafu ya saruji, mabati ya jirani na milingoti miwili. Hakuna ubao wa umeme. Saa iko mkononi mwangu, na hakuna mchezaji anayeiona. Ndiyo maana sekunde za mwisho huzaa ugomvi: kocha huyu anadai zimebaki nane, yule anadai tatu, mashabiki wamesogea hadi mezani wananipigia kelele sikioni. Nimesimamiwa kichwani na watu wazima wenye hasira kwa sababu ya kidole kilichobonyeza au kilichodaiwa kuchelewa kubonyeza. Shabaha haina siri. Ukiwaambia watu wote mwisho ni 76, mtoto aliyekaa ukutani anajua sawa na refa. Na pale tusipokuwa na kifaa cha sekunde 24, shabaha yenyewe inaondoa hamu ya kuchelewesha mpira, kwani kuchelewesha hakumfikishi mtu popote.

Tena vijana wetu wanaijua tayari. Nenda uwanja wowote wa Eastlands jioni: wanacheza hadi 11, mshindi anabaki, wengine wanangoja zamu. Wakifika pointi ya mwisho hakuna anayetembea.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu sana. Februari 2021 mjini Yaoundé, Tylor Ongwae aliachia mtupo saa ikikata, Kenya ikaizamisha Angola 74-73, na Morans, timu yetu ya taifa, wakapata njia ya kurudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, waliyokuwa hawajaiona tangu 1993. Nilipiga ukelele hadi majirani wakatoka nje. Bila saa tungepoteza mtupo wa aina hiyo, na hilo ni hasara ya kweli. Lakini kwa kila mwisho kama ule tunavumilia mechi nyingi zinazofia kwenye mstari wa mitupo huru. Penye shabaha kila mechi, hata ya watoto wa daraja la chini, inaisha kwa mpira unaoingia wavuni.

Wengine watanikumbusha mechi ya nyota wa NBA ya 2020 kule Chicago. Shabaha ilikuwa pointi 24 juu ya timu iliyoongoza baada ya robo tatu, kwa heshima ya Kobe Bryant aliyefariki mwezi uliotangulia. Timu ya LeBron iliyokuwa nyuma 133-124 ilishinda 157-155, na watu waliokuwa wakicheza kwa mzaha miaka yote wakaanza kukabana kweli kweli. Mwisho ulikuwa mtupo huru wa Anthony Davis, na wapo waliolalamika. Wana haki. Hapo napendekeza tuwe na kanuni yetu: saa ikishazimwa, faulo dhidi ya mchezaji asiyekuwa akirusha izae mtupo mmoja na mpira urudi kwa aliyechezewa, ili isimlipe mtu kumzuia mpinzani asijaribu pointi tatu. Na mwaka 2024 NBA waliporudisha saa kwenye mechi hiyo, ukanda wa Mashariki ulishinda 211-186. Hakukuwa na aliyekaba.

Sisemi Ligi Kuu ibadilishwe kesho. Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2025 walicheza kwa kanuni za FIBA, na wachezaji wetu wanapaswa kujua kuitumia saa. Ninachoomba ni kwamba KBF iruhusu mtindo huu katika shindano moja la kabla ya msimu, na waandaaji wa ligi za mitaa wauanze hata bila kungoja: dakika 36 kwa saa, kisha pointi nane. Makamishna wa mechi waandike faulo za dakika za mwisho na muda mechi ilioisha, halafu tulinganishe na msimu uliopita. Wakinihitaji mezani siku hiyo, nitakuja.

Mshika saa wa ligi za mitaa,
Buruburu, Nairobi