Mbaazi Zenu Nimezikuta Chennai

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Barua yako imefika, na salamu za Mzee nimezipokea kwa mikono miwili. Alhamdulillah hospitali ya huku Chennai, kusini mwa India, imewapa tarehe ya kumtibu. Ya viza na chumba tumeshayamaliza kwenye simu, kwa hiyo leo nakujibu lile ulilouliza juu ya karatasi, ukalirudia chini, kisha ukalipachika tena pembeni karibu na sahihi yako: Mzee atakula nini huku?

Najua mlichoambiwa. Wahindi wa kusini hawali nyama, kila kitu pilipili, mgonjwa atarudi mifupa mitupu. Najua pia umeshaanza kukusanya unga. Beba kilo mbili tatu za kuondolea hamu, lakini sanduku usilijaze.

Kwanza hilo la nyama si kweli. Watamil, wenyeji wa hapa, walio wengi wanakula nyama, na samaki ndiyo usiseme, bahari si hii hapa. Nenda saa sita mchana katika hoteli yenye ubao wa mboga tupu, uwatazame waliojaa humo: wengi wao jana walikuwa na kichwa cha samaki sahanini. Wanakuja kwa sababu chakula ni kitamu, kinafika upesi na hakimkaushi mtu mfuko. Sisi tuna sababu yetu ya ziada. Ukikaa humo huna haja ya kuuliza nani kachinja. Nyama haimo, yai halimo, pombe haimo, na mafuta ya mnyama pekee utakayoyakuta ni samli. Unasema bismillahi, unakula. Shangazi, ambaye alitua hapa akitangaza kwamba yeye si mbuzi wa kulishwa majani, hilo peke yake ndilo lililomlegeza.

Sasa nikupe habari ya kumpa Mzee. Huku kuna mchuzi uitwao sambar. Asubuhi upo, mchana upo, usiku upo, na hoteli husifiwa au kusemwa kwa sambar yake. Unajua msingi wake nini? Mbaazi. Mbaazi zilizobanguliwa, zikachemshwa mpaka zikapondeka, zikatiwa maji ya ukwaju, giligilani iliyosagwa, pilipili kavu, kisha zikaungwa kwa haradali na majani ya mchuzi yaliyorushwa kwenye mafuta ya moto. Ni mbaazi hizihizi za Nachingwea, maana India inanunua nyingi kutoka kwetu, na nyingine Msumbiji na Malawi. Mzee hajasahau mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini, mkabaki na magunia yamerundikana ukumbini mwenu na mnunuzi haonekani. Kikomo kile kiliondolewa 2021. Miaka yote ile mnazilima na kuziuza, na hakuna aliyewaambia zinakwenda kufanywa nini. Basi mwambie aje azikute mezani.

Na ndani ya sambar hiyo utaona vijiti vya kijani, vimekatwa urefu wa kidole. Shangazi alidhani ni kuni zimeangukia sufuriani. Ni matunda ya mlonge! Sisi mlonge tunausaga majani tukauuza kama dawa ya magonjwa mia, wenzetu wanapika yale maganda marefu. Hukimezi kijiti, unakipasua kwa meno, unafyonza ute na mbegu, makapi unayaweka kando. Harufu fulani utakayoisikia kwenye michuzi, usishtuke, ni mvuje. Ndiyo, mvuje uleule ambao bibi yako alikuwa akiwafungia watoto shingoni kufukuza mashetani. Hapa wanatia chembe tu kwenye mafuta, nao unageuka kitu kingine kabisa.

Asubuhi mtakula idli, na nadhani Mzee ndiyo atakayoipenda. Ni mchele na urad, jamaa ya choroko yenye ganda jeusi, vinalowekwa, vinasagwa, vinaachwa usiku kucha vichachuke vyenyewe bila hamira, kisha vinapikwa kwa mvuke. Mafuta hakuna. Inakuja nyeupe, laini, na ladha ya uchachu kwa mbali, pamoja na chatne ya nazi na ile sambar. Wagonjwa wengi wanaoruhusiwa kula huanzishiwa hiyo. Unga huohuo ukiwa mwepesi zaidi unatandazwa kwenye chuma cha moto ukawa dosa, nyembamba, kavu pembeni, na ndani wakipenda wanatia viazi vya manjano. Uliobaki ukakaa ukachachuka zaidi wanautia kwenye chuma cha vishimo, kile chetu cha vitumbua bila kupunguza wala kuongeza, wakatoa paniyaram za vitunguu na pilipili au za sukari guru. Nilipokiona kile chuma nilimuuliza mpishi kwa ishara kama ananiuzia. Alicheka, akaniongeza mbili bure.

Kama Mzee ataweza kutembea, tutampeleka mtaa wa Triplicane, kwenye Ratna Cafe, iliyopo tangu 1948. Kuna mambo ya kuchekesha hapo: wenye hoteli asili yao ni kaskazini ya India, na bado watu wa Chennai wenyewe wanakwenda kwao kwa sambar. Ukiagiza idli, mhudumu anakuja na jagi, anaimimina mpaka idli zinaogelea. Ukimaliza anarudi na jagi bila kuitwa. Shangazi siku hiyo alinyamaza kimya, na wewe unamjua Shangazi, kunyamaza kwake ni cheti.

Mchana ndio wenyewe. Chakula cha mchana wanakiita "meals", na neno hilo ukilitamka tu, mhudumu ameshaelewa. Mnanawa kwenye sinki la pembeni, mnakaa, mnatandikiwa jani la mgomba, ncha yake nyembamba ikielekea mkono wako wa kushoto. Mnalinyunyizia maji kidogo, mnalipangusa kwa kiganja. Halafu wanaanza kupita wanaume wenye vindoo vya chuma, mmoja baada ya mwingine, na wanatupia vitu mbiombio: achari, mboga mbili tatu zilizokaangwa kavu na nazi iliyokunwa, kitu cha dengu kilichorojeka, papadi. Upande wa juu wa jani ni wa vikolezo na mboga, chini mbele yako ni pa wali. Mtu wa wali anakuja na sahani kubwa, anamwaga mlima. Usimkatalie kwa maneno, hatasikia. Weka mkono juu ya jani, atakuelewa.

Wali huo hauliwi mara moja ukaisha. Unaugawa. Fungu la kwanza ni la sambar, na katika baadhi ya hoteli hutanguliwa na unga wa dengu uliochanganywa na samli. Fungu la pili ni la rasam, mchuzi mwepesi kama maji, wa ukwaju, nyanya, pilipili manga na bizari nyembamba, mkali wa kukutoa kamasi. Mtu mwenye mafua asipewe kitu kingine. Hapa vidole vinapata kazi, maana wali unakimbia na mchuzi. Watazame wenyeji wanavyouzungushia ukuta wa wali kwanza. Fungu la mwisho ni la mtindi. Mimi nililiona jambo la ajabu, wali na mtindi na chumvi, mpaka nilipoonja. Baada ya moto wa rasam, mtindi unaingia tumboni, na jua la Chennai la Mei unaweza kulisamehe. Kitamu, payasam ya tambi na maziwa, wengine wanakila mwanzo, wengine mwisho. Mimi nakila wakati wowote ninaouona.

Chakula hicho hakina kipimo, wanaongeza mpaka useme basi, isipokuwa kwenye ubao pakiandikwa vinginevyo. Mkimaliza, kunjeni jani kuelekea kwenu, ukingo wa juu uje chini. Kulikunja kwenda mbele ni desturi ya chakula cha msiba, na wazee wa hapa hawapendi kuliona. Mkono wa kulia tu, lakini hilo sina haja ya kumwambia mtoto wa Lindi.

Kahawa uitake mwenyewe, haiji na chakula. Inakuja kwenye bilauri ndogo ya chuma iliyosimama ndani ya kibakuli. Unaimimina kutoka juu kwenda kwenye kibakuli na kuirudisha, ipoe na itoe povu. Ni kahawa iliyochujwa polepole, imechanganywa na chikori (mzizi uliokaangwa ukasagwa), maziwa mengi na sukari isiyo na huruma. Kwa kuwa Mzee ana kisukari, mwambieni mhudumu "without sugar" kabla hajageuka. Akigeuka, basi tena.

Utaona mabango ya "Udupi" kila mahali. Huo ni mji wa pwani ya Karnataka, jimbo la jirani, wenye hekalu la mungu wao Krishna la tangu karne ya 13, na wapishi wa upande huo, waliozoea kupikia watu wengi bila kitunguu wala kitunguu saumu, ndio waliotawanyika mijini wakafungua hoteli. K. Krishna Rao aliyeanzisha hoteli ya Woodlands hapa Madras, jina la zamani la Chennai, mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza maisha ya jikoni kwa kuosha vyombo na kusaga unga. Habari hii inasimuliwa kwa fahari, na inastahili. Isiyosimuliwa sana ni kwamba zamani nyingi ya hoteli hizi zilikuwa na sehemu ya Wabrahmin, watu wa tabaka la juu, peke yao, na wa tabaka la chini hata mlango hakuuona. Periyar E. V. Ramasamy, mpinga matabaka, na wafuasi wake waliandamana miaka ya 1950 mbele ya hoteli moja ya Triplicane kwa sababu tu ya neno "Brahmin" lililokuwa ubaoni. Leo unakaa meza moja na usiyemjua, mwanasheria na dereva wa bajaji wanagusana viwiko, na mimi mweusi wa Tanga katikati yao. Wananitazama, siwezi kukudanganya. Wananitazama kwanza, halafu wanaitazama mikono yangu nikila, halafu mmoja ananisogezea chatne.

Saravana Bhavan nayo utaisikia, ile iliyoanza mtaa wa K. K. Nagar mwaka 1981 na sasa ina matawi mpaka Dubai na London. Chakula chake hakina kasoro ya kukuelezea. Mwanzilishi wake, P. Rajagopal, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya mume wa mwanamke ambaye yeye alitaka kumwoa, akafa 2019 rufaa zilipokwisha. Watu walisoma magazeti, wakatikisa vichwa, wakaendelea kuagiza dosa.

Siku mkiishiwa, msione haya. Kuna migahawa ya serikali ya jimbo, Amma Unavagam, iliyoanzishwa 2013 na Jayalalithaa akiwa waziri mkuu wa jimbo. Idli moja iliwekwa rupia 1, wali wa sambar rupia 5, wali wa mtindi rupia 3. Si mahali pa kujidai, ila pana msururu wa watu wa heshima kabisa, na karibu na hospitali ndugu wa wagonjwa wengi wanaishi kwa hapo.

Na kama matibabu yatawafikisha Ramadhani, futari tutakwenda Wallajah, msikiti mkubwa wa Triplicane uliojengwa 1795. Futari ya pale kwa miaka mingi inaletwa na Wahindu wa asili ya Sindh, ambayo sasa iko Pakistan, kutoka hekalu la Sufidar, mtaa wa Mylapore. Wanapika wenyewe, wanabeba wenyewe, wanawagawia Waislamu chini uani. Na ni mboga tupu. Sikuamini mpaka nilipokaa kwenye mkeka.

Sitakuficha yasiyopendeza. Mwezi mzima wa mboga utauchoka, na hapo tutatafuta samaki. Pa kumpata papo, na Waislamu wa hapa wana biriani yao. Nazi ya chatne ikilala joto hili inachacha, kwa hiyo asubuhi ndiyo nzuri na ya jioni inuse kwanza. Maji ya bilauri mezani, Mzee asiyanywe, anunuliwe ya chupa. Na saa nane mchana usitamani dosa, hoteli nyingi zitakuambia ngoja jioni, kwa sababu chuma kimepumzika.

Nitumie namba ya ndege, nije uwanjani. Shangazi anasema umletee dagaa wa Kigoma, uwafunge mifuko mitatu, na mwenye nyumba wetu asisikie hata harufu, maana mkataba wa chumba unakataza nyama na samaki. Nimemwuliza atawakaanga wapi. Ameniambia hiyo si kazi yako.

Nisalimie Mzee na watoto.

Wako,
Zuhura