Meza ya seremala ya Shaker: mti mtulivu kuliko mti mgumu

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita, msomaji mmoja wa Kipushi aliuliza ni mti gani unaofaa kutengenezea meza ya seremala, ile tunayozoea kuiita etabli, kwa mfano wa meza za jumuiya ya Shaker alizoziona pichani. Aliongeza kwamba amepata mbao za mukula, mti mwekundu wa misitu yetu, kwa bei nzuri na kwamba anakaribia kuzilipia. Mimi ni seremala hapa Katuba, mjini Lubumbashi, kwa miaka 24 sasa, na meza ninayofanyia kazi leo ni ya mtindo huo huo, ya pili baada ya ile ya kwanza kuharibika. Namwomba ndugu huyo, kupitia gazeti lenu, asizilipie kwanza.

Watu wa Shaker walikuwa Wakristo waliovuka bahari kutoka Uingereza pamoja na Ann Lee, mwanamke wa Manchester, wakafika New York mwaka 1774, na baadaye wakajenga vijiji vyao kaskazini-mashariki mwa Marekani, kikiwemo kile cha Hancock, Massachusetts. Waliishi bila kuoa wala kuolewa, mali yao ilikuwa ya wote, na kazi ya mikono waliihesabu kuwa sehemu ya ibada. Leo waumini waliobaki ni wachache mno, katika kijiji kimoja tu cha jimbo la Maine, lakini vyombo vyao vinaendelea kuigwa kwa sababu hawakutia nakshi mahali ambapo nakshi haikuwa na kazi. Meza zao za useremala zilikuwa ndefu, nyingine zikipita mita 3.5, kwa kuwa ndugu kadhaa waliweza kufanya kazi pamoja katika karakana moja. Uso wake ni mnene na mzito, na chini ya uso huo, mahali ambapo meza nyingine zina miguu mitupu, kuna kabati lenye droo na milango. Mbele, upande wa kushoto, husimama jiliwa, yaani chombo cha kubania ubao, refu linaloshuka hadi karibu na sakafu. Mwisho wa upande wa kulia kuna jiliwa jingine linalosukuma ubao dhidi ya vigingi vilivyopangwa katika matundu kwenye ukingo wa mbele.

Uso huo waliutengeneza mara nyingi kwa mti wa mepo, ambao ni mgumu na wenye nyuzi zilizoshikana, uzito wake ukiwa takriban kilo 700 kwa mita moja ya ujazo. Kabati na droo walizitengeneza kwa msonobari, ulio mwepesi na rahisi kukatwa kwa msumeno. Wasomaji wengi wa vitabu vya ufundi hukomea kwenye jina la mepo, wakadhani kwamba bila mti huo meza haiwezi kuitwa ya Shaker. Lakini mepo na msonobari ilikuwa miti ya misitu iliyozunguka vijiji vyao, kila mmoja ukipewa kazi inayoufaa. Sisi tunaoishi katikati ya miombo tunayo miti yetu, na swali la ndugu wa Kipushi linapaswa kuanzia hapo.

Mukula ni mti mzuri kwa macho, sikatai. Lakini hukua polepole sana, na katika miaka iliyopita umekatwa kwa fujo katika Katanga yetu ili kupelekwa Asia, hata katika vijiji vingine mtu hutembea siku nzima bila kuona shina nene la mukula. Mbao zinazouzwa kwa bei nzuri mara nyingi hazina karatasi, na hazijakauka. Sababu hizo mbili zinanitosha kuuacha. Mubanga nao, ambao baadhi ya wenzangu wanausifu kwa ugumu, ni mzito kupita kiasi na hula makali ya randa upesi. Meza ya kazi lazima ipigwe randa tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili ili uso ubaki sawa, na seremala asiyeweza kuusawazisha uso wa meza yake hatauweza mlango wa mteja. Muputu una nyuzi zinazopishana, na ukikauka hujipinda. Mikaratusi ni rahisi kupata, lakini hupasuka na kusinyaa kiasi kwamba singeitumia kwa uso, labda kwa vigingi.

Mti ninaoupendekeza ni mulombwa, ambao wengine huuita mninga. Si mgumu kama mepo, nao ni mwepesi kidogo, lakini una sifa ambayo katika mji wetu inazidi ugumu: ukishakauka, unatulia. Hausinyai sana wakati wa kiangazi wala haufuri sana mvua zinaporudi. Mupapa pia hutulia vizuri na ni mzito zaidi, ila bei yake imepanda na kuuchonga kunachosha. Anayechagua mulombwa ajue kwamba unga wake huwasumbua watu wengine puani na kifuani, kwa hiyo afunge kitambaa na afanyie kazi ya msasa nje. Na asikubali kuuziwa ubao wa rangi nyeupe ya pembeni mwa shina kwa bei ya moyo wa mti, kwa sababu ile nyeupe huliwa na wadudu.

Nasisitiza utulivu wa mti kwa sababu ya hali ya hewa ya hapa. Kuanzia Mei hadi Septemba hatuoni mvua, upepo ni mkavu, na ngozi yenyewe hupasuka midomoni. Kuanzia Novemba hadi Machi kila kitu kina unyevu. Ubao hauna budi kufuata majira hayo, na hakuna gundi wala msumari unaoweza kuuzuia. Meza yangu ya kwanza niliiunganisha mwezi wa Februari kwa mbao ambazo aliyeniuzia aliniapia kwamba zilikuwa zimekaa miaka mitatu. Niliufunga uso kwenye kabati kwa skrubu nene kila upande, mbele na nyuma, nikaamini kwamba nguvu ndiyo itakayoilinda. Mwezi wa Agosti, usiku, tulisikia mlio kama wa bunduki. Ufa ulikuwa umepita kutoka tundu la jiliwa hadi katikati ya uso, na upana wake uliingiza sarafu. Miezi minne ya kazi, na fedha za vitanda viwili nilivyokuwa nimeuza, vilikwisha katika ufa huo.

Tangu hapo sinunui neno la mtu. Nakata kipande kirefu kutoka katikati ya ubao, napaka rangi ncha zake ili kisikauke haraka kuliko mbao nyingine, nakipima kwenye mizani ya muuza unga jirani yangu, naandika uzito wake kwa penseli juu ya kipande chenyewe, nakirudisha kati ya mbao nyingine, na nakipima tena kila Jumamosi. Uzito ukiwa bado unashuka, mti bado una maji. Ukikaa juma la tatu na la nne bila kubadilika, nayo mizani ikiwa ni ile ile, mbao zimefika. Wakati wa kungoja, zipangwe chini ya paa, mbali na ukuta, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja vilivyosimama katika mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na ncha za mbao zipakwe rangi yoyote iliyobaki nyumbani ili zisikauke haraka kuliko katikati. Wazee husema mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na sijaona sababu ya kuwabishia.

Ukubwa nao ufuate nyumba. Karakana zetu nyingi ni baraza lililoezekwa bati, na meza ya mita 3.5 ingemfukuza mwenyewe nje. Yangu ina urefu wa mita 2.1, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 8. Uso wake nimeuunda kwa vipande 15 vyenye unene wa sentimita 4, nikavisimamisha ubavu kwa ubavu ili mistari ya miaka ya mti isimame wima badala ya kulala. Ubao uliolala hutanuka karibu mara mbili ya ule uliosimama, kwa hiyo hilo peke yake lilipunguza nusu ya tatizo langu. Kabla ya kutia gundi nilipitisha randa ndogo kwenye kila kipande ili nijue nyuzi zinaelekea wapi, na vyote nikavielekeza upande mmoja. Asiyefanya hivyo atakuta randa inalamba kipande kimoja na kung'oa kinachofuata. Uso huo peke yake una uzito wa karibu kilo 65, na ukiongeza kabati na vyombo vilivyomo ndani, meza haisogei hata kijana mwenye nguvu akisukuma randa kwa mwili wote.

Kuhusu kuufunga uso kwenye kabati, hapa ndipo nilipobadilisha kila kitu. Katika meza ya Shaker uso, mguu na kabati kwa mbele vimekaa katika ubapa mmoja, ili ubao mrefu unaosimamishwa ubavuni uguse vyote pamoja. Ubapa huo usipotee. Kwa hiyo nimefunga uso imara upande wa mbele tu, na upande wa nyuma skrubu zimepita katika matundu marefu, ili uso utanuke na kusinyaa kuelekea nyuma bila kugusa mpangilio wa mbele. Mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba nimeupima upana wake, na tofauti haipiti milimita 3. Miguu na mihimili yake nimeiunganisha kwa ulimi na tundu, na kigingi cha mti kinapita katikati.

Kwa kabati na droo, msonobari unaoletwa kutoka mashamba ya Copperbelt nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, unatosha kabisa, kama ulivyowatosha Shaker. Droo iliyotengenezwa Agosti iachiwe nafasi ya milimita 2 juu yake, la sivyo Januari haitafunguka. Jambo moja tu la Shaker sikuliiga: baadhi ya meza zao zina kabati linalopanda hadi chini kabisa ya uso, nami nimeacha wazi sentimita 12, kwa sababu nabana kazi zangu kwa chuma kilichopinda kinachopigwa nyundo ndani ya tundu, na chuma hicho kinahitaji mahali pa kushukia. Mhunzi alinitengenezea viwili kutokana na nondo laini ya milimita 20, isiyo na mistari.

Jiliwa ndilo linalowatisha wengi, kwa kuwa yale ya dukani hutoka mbali na ni ghali. Lakini mji huu umejaa mafundi wa kukereza chuma wanaohudumia migodi, na kukata skrubu ya milimita 30 yenye uzi mnene wa mraba pamoja na nati yake ni kazi ya kawaida kwao. Taya lenyewe, yaani ule ubao unaobana, liwe la mulombwa, chini yake pawe na ubao wenye matundu na kigingi cha kusogeza, ili taya libane sawa juu na chini. Usoni mwa taya nimegundisha ngozi ya ng'ombe.

Kimo nakipima kwa mwili: mtu asimame wima na viatu vyake vya kazi, mikono ikining'inia, na uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwangu ni sentimita 84. Umeme ukikatika, na tunajua unakatika mara ngapi, kimo hicho ndicho kinachoamua kama mtu atapiga randa hadi jioni au atakwenda nyumbani saa nane akishika kiuno.

Ndugu wa Kipushi akikubali, atafute mbao za mulombwa sasa, azipange, aanze kupima kipande chake, na wakati wa kutia gundi uwe Mei, wakati hewa haijakauka kabisa. Nimebakiwa na kipande kimoja cha mulombwa, urefu mita 1, upana sentimita 20, kilichokaa chini ya paa langu kwa miaka minne. Kinatosha taya la jiliwa. Ofisi yenu inayo anwani yangu. Aje akichukue bila malipo, na aje na kipimo cha kimo chake.

Wenu katika kazi,
Seremala wa Katuba, Lubumbashi